Gundi ya Mgongoni

Kazi yangu ilianza Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mbele ya mlango wa mabati wa karakana ya mbao huko Kawangware, na siku hiyo kifua changu kilikuwa kizima. Nataja kifua mapema kwa sababu ndicho kilichostaafu. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa tu.

Oti, yule wa mashine ya msasa pale karakana, alicheka sana aliponisikia nikisema nimestaafu. Alisema wastaafu ni watu wenye mvi, wenye ng'ombe ushago, kule kijijini, na mkongojo. Mimi mvi sina, na ushago kwetu nimefika mara moja, kwa mazishi. Lakini mtu aliyefanya kazi mpaka mwili ukakataa, akaambiwa na wenzake basi, sijui anaitwaje kama si mstaafu.

Naandika haya kwa ajili ya msichana atakayeshika nafasi yangu, na mwingine atakayemfuata huyo. Kuongea kunanishinda tangu utotoni. Darasani mwalimu akiniuliza swali nilikuwa naliangalia dawati mpaka achoke amwendee mwingine. Kwenye karatasi sioni haya. Mambo ya mshahara siyaandiki. Hayo utajionea, na hayatakuchukua muda.

Kwanza kazi yenyewe. Hata mama yangu, anayeuza mitumba Soko la Toi, alikuwa anawaambia wateja wake kwamba mimi natengeneza meza. Hatutengenezi meza. Tunachukua vipande vyembamba vya mbao halisi, si zile za unga zilizobandikwa picha ya mbao juu, tunaviunganisha ubavu kwa ubavu kwa gundi mpaka vinakuwa paneli moja pana. Mteja analeta vipimo vyake: huyu kaunta ya jikoni yenye kona, yule vipandio vya ngazi. Paneli zetu zinaenda kwenye nyumba zenye ngazi ndani. Kwetu Mashimoni, upande wa Kibera, ngazi ni yale mawe ya kuvukia mtaro.

Asubuhi hiyo ya kwanza mwenye karakana, Baba Shiku, alinitazama viatu, akanipeleka nyuma kwa Mama Nafula na kurudi kwenye simu yake. Mama Nafula ndiye aliyekuwa fundi wa gundi. Mfupi, mnene wa mabega, mikono imejaa magamba meupe ya gundi iliyokauka, na wakati wa chai alikuwa akiyabambua kama mtu anayemenya kiazi cha kuchemsha. Aliniuliza kama naongea. Nikatikisa kichwa. Akasema sawa, gundi haipendi watu wa maneno, akanipa fagio.

Nilifagia mpaka mchana. Halafu akaniita nione mbao zimepangwa mezani. Aliniinamisha nitazame ncha zake, pale ambapo mti umekatwa na unaona mistari ya umri wake imepinda. "Hii inacheka," akasema, akionyesha mistari iliyopinda kama mdomo wenye furaha. "Hii imenuna. Ukizipanga, moja icheke, moja inune. Zikicheka zote pamoja, mvua ikija paneli itapinda kama mtumbwi na mwenye nyumba atakuja hapa na polisi."

Hilo ndilo somo la kwanza. La pili ni pembetatu. Mbao zikishapangwa vizuri, unachora kwa penseli pembetatu moja kubwa inayopita juu ya zote. Ukizitoa kwenda kuziranda ubavu, ukizirudisha, pembetatu inakwambia kila moja inakaa wapi. Usitegemee kichwa. Gundi ikishapakwa huna nafasi ya kukumbuka. Unapaka, unapanga, unakaza klampu, vile vyuma virefu vya kubana, moja chini, moja juu, na unaangalia mstari. Vitone vya gundi vikitoka mstari mzima kama shanga, kiungo kimeshiba. Mahali pasipotoka shanga, kuna njaa.

La tatu lilinichukua miezi. Kesho yake, klampu zikishafunguliwa, Mama Nafula alikuwa analaza shavu juu ya paneli na kubisha kwa kifundo cha kidole, polepole, akiufuata kila mstari toka mwanzo mpaka mwisho. Kiungo kizuri kina mlio mmoja. Mahali ambapo gundi haikushika, mlio unakuwa mtupu, kama debe. Aliponiambia nisikilize mimi, sikusikia kitu. Akasema nisikilize kwa shavu, sikio litafuata. Oti akauliza kutoka kwenye mashine yake kama sisi wanawake tunapiga ramli. Mama Nafula hakuinua kichwa. Alimjibu kwamba ramli imeonyesha hataoa mwaka huu pia.

Sasa nifike kwenye gundi yenyewe, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu hasa.

Gundi yetu ni ile nyeupe, kama maziwa mazito. Haipendi baridi. Mwezi wa saba, asubuhi, mabati ya karakana yanatoa jasho la baridi, na ukipaka gundi ya baridi inakauka ikawa chaki. Ukiigusa inapukutika. Paneli inaonekana nzima mpaka siku mtu anapoikanyaga. Oti aliwahi kuibandika juu ya jiko, ikawa ugali, tukaitupa na mwiko wake. Feni za joto na mambo hayo ni ya viwanda vya watu wengine. Kwa hiyo Mama Nafula kwa miaka mingi alikuwa akiibeba mgongoni, jerikeni la lita tano, limefungwa kwa leso kama mtoto, toka nyumbani kwake mpaka kazini, na kulala akalala nalo. Joto la mtu, alisema, ndilo linaloitosha. Halizidi, halipungui. Kisha mgongo wake ukaanza kuuma, na ndipo Baba Shiku alipotafuta msichana mtulivu mwenye mgongo. Mama yangu alisikia habari hizo kwa mteja, pale Toi. Hiyo ndiyo siri ya mimi kupata kazi: si masomo, ni mgongo.

Mama yangu alininunulia doti moja ya leso, vitambaa viwili vya rangi ya zambarau, akaikata katikati. Kimoja cha gundi. Kingine akasema niweke, siku moja nitabeba mtoto wa kweli. Nilikiweka chini ya godoro.

Nyumbani jerikeni lilikuwa linalala kati yangu na mdogo wangu, chini ya blanketi. Yeye ndiye aliyeliita Junior. Asubuhi nalifunga mgongoni, sweta juu yake, natoka Mashimoni, napita kando ya Toi wakati watu wanafungua marobota, navuka Ngong Road, nashika njia ya Kawangware kwa miguu. Watu wa boda boda walinizoea. Kila asubuhi walikuwa na swali.

"Sasa, mama mtoto. Junior ameamkaje?"

Nilikuwa napita nikiangalia chini. Siku moja, sijui shetani gani alinishika, wakaniuliza baba yake ni nani na mimi nikajibu ni Baba Shiku. Walicheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Kabla ya saa sita mke wa Baba Shiku alikuwa mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni, akitaka kumwona huyo mtoto. Mama Nafula aliifungua leso, akamwekea jerikeni mezani.

"Ndiye huyu," akasema. "Angalia mwenyewe kama wanafanana."

Sijafanya mzaha hadharani tena tangu siku hiyo.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza pia kwamba mbao inapumua. Naomba usome hapa kwa makini. Mvua ikija, paneli inakunywa hewa na kutanuka. Jua likija, inanywea. Kwa hiyo inapofungwa juu ya kabati, matundu ya skurubu yanachongwa marefu kidogo ili iweze kutambaa. Oti alipelekwa kufunga kaunta ya mbao za mukima jikoni kwa mama mmoja huko Lavington. Oti amezaliwa Kawangware, na kwetu, kwenye plot za vyumba vya kupanga, kitu kisichofungwa kwa nguvu asubuhi hukikuti. Sufuria ina mnyororo. Mlango wa choo una kufuli mbili. Basi akaona yale matundu marefu ni uzembe wa Mama Nafula, akapiga skurubu zake mwenyewe, kila upande, mpaka kaunta ikawa haitikisiki hata ukipanda juu. Alirudi akijisifu kwamba ile hata mwizi aje na gari.

Mwizi hakuja. Lilikuja jua la Januari. Yule mama alisema alikuwa anakunywa chai aliposikia mlio kama jiwe limerushwa juu ya mabati, na kaunta ikapasuka toka ukuta mpaka ukuta. Kiungo cha gundi hakikuachia. Ilipasuka mbao yenyewe. Mama Nafula aliporudi kutoka kuiona hakumgombeza Oti. Alimwambia tu, "Uliifunga kama jiko la plot. Sasa imekufa kwa kukosa pumzi." Oti siku hiyo hakula. Tuliirudia kaunta nzima.

Mara nyingi nimeifikiria siku ile. Mbao huwa tunaiachia nafasi ya kupumua, tena kwa kuipimia kwa rula.

Kisha zikaja ngazi. Nyumba ya ghorofa, vipandio vyote vya mvule, na mwenye nyumba alitaka rangi ipande kutoka kipandio cha chini hadi cha juu bila kubadilika. Mvule ni mti mzuri. Ukitoka kwenye randa una rangi ya asali, na Mama Nafula alikuwa anautoa juani ubao kwa ubao, akichagua kama mtu anayechagua mchele. Lakini vumbi lake lina pilipili. Kisha mvua ikaanza kunyesha, kwa hiyo mashine ya msasa iliingizwa ndani na mlango ukafungwa ili mbao zisiloe. Tulikuwa tunaonana kama watu walio kwenye ukungu. Oti kamasi zilimtoka. Baba Shiku macho yalimvimba, akaanza kufanyia kazi yake nje, ndani ya gari. Ngazi zilipoisha, kamasi za Oti zilikauka na macho ya Baba Shiku yakapona. Kwangu mimi kile kitu hakikutoka. Kilishuka chini.

Kilianza kama kukohoa wakati wa kufagia. Baadaye kifua kikawa kinakaza jioni, kama mtu amekifunga klampu na anaongeza nusu mzunguko kila siku. Jumapili kilikuwa kinafunguka, naimba kanisani vizuri tu. Jumatatu bado kizuri. Kufika Alhamisi nilikuwa nasimama kwenye kile kilima cha mwisho cha Kawangware, naishika nguzo ya stima na kujifanya nafunga kiatu.

Baba Shiku aliwahi kuleta maski, boksi zima, na tukamshukuru. Ziliisha haraka. Oti aligundua kwamba zinachuja vanishi vizuri kuliko kitambaa. Sisemi kwa kumlaumu, hata mimi nilimshikia mojawapo. Za pili hazikuja. Feni ya kutoa vumbi nje nayo ilikuwa inakuja. Ilikuwa inakuja tangu wakati wa Baba Nafula.

Huyo sikumjua. Alikuwa mume wa Mama Nafula, na ndiye aliyekuwa kwenye ile mashine ya msasa kabla ya Oti. Alikohoa miaka, akakonda, na watu wa plot walisema ni TB wakaanza kumtengea kikombe. Makohozi yalipimwa, TB haikuonekana, lakini jina likabaki. Alizikwa Bungoma. Mama Nafula alirudi kazini akaendelea na gundi, upande wa pili wa karakana hiyohiyo. Yeye pia alikuwa anakohoa. Alikuwa anatafuna tangawizi mbichi siku nzima na kusema ni baridi.

Nilienda kliniki moja Jumamosi, peke yangu. Yule daktari kijana alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia mbao akaweka kalamu chini. Akasema hii ni pumu ya vumbi, na kwamba kila siku nikirudi pale inajijenga, na ikishajijenga sana haibomoki hata nikiacha. Akanipa inhela, kile kichupa cha kupuliza mdomoni, akaniambia niache ile kazi. Nilisema ndiyo. Mimi husema ndiyo kwa kila mtu.

Sikuacha. Nitakwambia ukweli kwa nini, usidhani ni pesa peke yake. Pale ndipo mahali pa kwanza maishani ambapo ukimya wangu haukuwa kasoro. Nilikuwa nimeanza kusikia kwa shavu. Mama Nafula alikuwa ananiachia paneli nizipitie kwanza, halafu yeye anazirudia, na tulikuwa tukikubaliana. Ningeenda wapi tena na sikio kama hilo?

Kwa hiyo nilificha. Ile inhela nilikuwa naiweka kwenye soksi na kuivutia chooni. Haya yangu ilinisaidia sana: mtu asiyeongea haulizwi kwa nini hamalizi sentensi. Walidhani ni ule ukimya wangu tu umezidi.

Baridi ya pili ikaja. Junior akarudi mgongoni. Asubuhi moja, wiki hii iliyopita, nilipumzika njiani mara nyingi kuliko kawaida na wale wa boda boda hawakunitania. Mmoja aliniuliza tu, "Uko sawa, sista?" na hilo liliniogopesha kuliko kicheko. Mwishowe nikafika. Stima zilikuwa zimepotea, mashine zote zimekufa, na karakana ilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Oti na Baba Shiku walikuwa wamekaa juu ya mbao wakisubiri. Mama Nafula alikuja kunifungua leso kama kila siku. Akalipokea jerikeni, akalipapasa kuona joto lake, akaliweka chini. Nikataka kugeuka.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usigeuke."

Nikahisi shavu lake mgongoni kwangu, juu ya sweta. Halafu kifundo cha kidole chake. Alibisha kuanzia bega, akashuka polepole, akapanda upande wa pili, vile anavyoufuata mstari wa paneli. Nilizuia pumzi. Akanigonga kidogo na kuniambia nipumue, nisimdanganye. Nikapumua, na kwa ule ukimya kila mtu alisikia: filimbi, mbili tatu, zinalia kwa pamoja.

Hakuondoa shavu kwa muda. Alipoliondoa alinizungusha kwa mabega.

"Tangu lini?"

"Tangu zile ngazi."

"Na daktari amejua?"

Nikainama, nikatoa inhela kwenye soksi. Oti akasema, "Ai, Akinyi," kwa sauti ya chini, akaangalia pembeni.

Mama Nafula alimgeukia Baba Shiku. "Huyu amemaliza kazi. Mpe haki yake aende."

Baba Shiku alikuna kichwa. Si mtu mbaya, ni mtu ambaye jambo la kwanza kumjia si lile unalolitarajia. "Sasa Mama Nafula," akasema, "na gundi itabebwa na nani?"

"Wewe huna mgongo?"

Oti alicheka, kisha akaona si mahali pa kucheka. Baba Shiku akaanza habari za feni, kwamba mwisho wa mwezi huu, kwamba ameshaongea na mtu. Mimi nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaongea mbele ya watu wote. Nilisema naweza kubaki upande wa gundi tu, sitasogea karibu na msasa, nitafunga pua.

"Vumbi haliulizi wewe ni wa upande gani," Mama Nafula akasema.

Hasira zikanipanda, kwa sababu nilimwona kama mtu anayeninyang'anya kitu alichonipa mwenyewe. Nikamwambia, "Na wewe je? Wewe mbona unabaki? Si pia unakohoa?"

Nilidhani atanipiga kofi. Aliangalia mikono yake, akabambua gamba moja la gundi kwenye kidole gumba, akaliangusha chini.

"Mimi nimeshakauka," akasema. "Gundi iliyokauka huirudishi kwenye mkebe. Wewe bado. Toka."

Stima zikarudi wakati huo huo, mashine ya msasa ikanguruma kwa sababu Oti alikuwa hajaizima swichi, na hatukuweza kusikizana tena. Labda ilikuwa afadhali.

Nilimalizia wiki nikikaa nje, nikichora pembetatu kwenye mbao walizoniletea juani. Ijumaa Baba Shiku alinunua soda na mandazi. Alitoa hotuba fupi akasema mimi ni mfano kwa vijana, halafu akasema amepata msichana mwingine, anaitwa Vero, wa Kawangware hapohapo lakini analala kwa dada yake upande wa Kibera, mtulivu pia, ataanza Jumatatu. Feni hakuitaja. Mama Nafula alikula andazi lake bila kumtazama mtu. Nilipokuwa natoka alilifunga jerikeni mgongoni kwangu kama jioni zote, na mimi nikaenda nalo kama jioni zote. Nilifika Toi ndipo nikakumbuka kwamba nimestaafu. Nilimpigia simu. Alisema hata yeye mikono yake ilikuwa imesahau. Akasema Vero atalipitia kwangu Jumatatu, pale kona ya Toi, na nisiliache lipoe.

Kwa hiyo leo ni Jumapili, alasiri, na ninapoandika haya Junior amekaa kando yangu kitandani amevaa sweta. Mama yuko Toi. Aliposikia habari za kifua alitoa zile nguo zote nilizokuwa navaa kazini akazifua mara mbili, akazikung'uta upande wa mtaro. Anasema nimsaidie sokoni. Marobota ya mitumba nayo yana vumbi lake, lakini nimechoka kumwambia mtu jambo jipya.

Wewe unayesoma, nimekupa yote ninayoyajua. Moja icheke, moja inune. Chora pembetatu. Angalia shanga. Sikiliza kwa shavu. Ngazi za watu zisivunjike kwa sababu yako; mtu anapopanda usiku na mtoto mkononi hakumbuki kwamba kuna gundi. Na mambo ya kifua nimeamua kutoyaacha kwenye karatasi peke yake, maana karatasi unaweza kuikunja. Kesho nitamwambia Vero kwa mdomo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, na sauti imetoka.

Haya ya mwisho nayaongeza baadaye. Jumatatu asubuhi nilitoka mapema. Nilichukua leso zote mbili, ya gundi na ile nyingine ya chini ya godoro. Vero alikuwa kona ya Toi tayari, msichana mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya shule. Aliniamkia, "Sasa," kisha akaangalia chini, na mimi nikaangalia chini, tukawa kama watu wawili waliopoteza sindano moja.

Nilimwambia. Nilisema ile kazi itammaliza kifua. Nilimwonyesha inhela. Nilisema habari za Baba Nafula, na za mvule, na kwamba feni haitakuja. Nilisema arudi kwa dada yake sasa hivi na mimi nitampigia Mama Nafula. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, na mwishoni filimbi zililia zenyewe, akazisikia.

Alifikiri. "Wewe ulikaa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Basi," akasema polepole, bila ubishi, "hata mimi niko na miwili."

Nilimwambia asimame, asigeuke. Nililaza shavu mgongoni mwake, hapo kando ya barabara, watu wakipita na marobota vichwani. Nikabisha kwa kifundo cha kidole toka bega mpaka chini, nikapanda upande wa pili. Aliuliza nasikiliza nini, nikamwambia apumue tu. Ulikuwa mlio mmoja. Hapakuwa na mahali patupu, hata padogo.

Nikamfunga Junior mgongoni, nikakaza fundo chini ya kifua mahali lisipobana. Kile kitambaa cha pili nilikikunja mara tatu, nikamfunga puani na mdomoni, nikamwambia asikivue ndani hata akichekwa. Akaitikia kwa kichwa. Alivuka Ngong Road akiwa amebaki macho tu, mkono mmoja nyuma, akilishikilia jerikeni kwa chini kama anavyoshikiliwa mtoto.